Boti Mpya ya Dereva wa Lori

Dereva hakuwa mtu wa maneno matamu. Tangu akiwa kijana mwenye masharubu ya kutafuta kwa tochi mpaka alipostaafu na mvi zake, hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mkewe kwamba anampenda, na mkewe mwenyewe akiulizwa angecheka tu. Alichojua dereva ni kupasha injini moto. Kila asubuhi, miaka yote ya kazi, aliamka wa kwanza, akatoka na kopo la maji ya kufutia kioo, akaliwasha lori na kuliacha lingurume mpaka pale mbele pa kukaa papate joto. Hapo ndipo alipogonga dirisha la chumbani na kusema, "Twende." Mshonaji, yaani huyo mkewe, alipanda huku bado anafunga kitambaa kichwani, akashushwa mlangoni pa duka lake la kushona, na lori likaenda zake safari ya mbali.

Hata kabla hawajaoana ilikuwa hivyo hivyo. Enzi hizo mshonaji aliishi kwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea na kumkalisha kwenye cherehani akiwa bado miguu haifiki chini. Kijana wa lori alipokuja kumchukua, vioo vya nyumba nzima vilitetemeka. Ndani, mshonaji alikuwa anahangaika kutafuta viatu, maana viatu vyake vilikuwa na tabia ya kupotea asubuhi tu. Dada mtu alitoka barazani, shuka mabegani, akafoka: "Wewe kijana, zima hilo lori lako! Majirani wamelala! Mdogo wangu anakuja, anatafuta viatu!" Kijana hakuzima. Alimwamkia kwa heshima zote, akatabasamu, akaendelea kupasha.

Sasa lori halipo tena. Kuna boti.

Boti ilikuja kwa sababu ya mgongo. Mshonaji aliinamia cherehani maisha yake yote, na mwishowe mgongo ukadai haki yake. Akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa kutembea, kukaa kwenye kiti kizuri na kushona kidogo. Kupanda basi alikatazwa. Sasa, dada yake alikuwa amehamia ng'ambo ya ziwa kwa binti yake, na barabara ya kuzunguka ziwa ina mashimo ya kutosha kumrudisha mshonaji kitandani. Na huko ng'ambo mambo hayakuwa mazuri. Dada alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja kusahau njia ya kwenda dukani, kisha majina ya watu.

"Mama mdogo," binti wa dada alisema kwenye simu, "ukitaka akujue, usikawie. Ana siku nzuri na siku mbaya, na nzuri zinazidi kupungua."

Dereva alikuwa kando, anakoroga chai yake. Haukupita muda akaja akiburuta boti nyuma ya gari la kukodi, nyeupe, viti vya rangi ya maziwa, haijamaliza hata msimu mmoja majini. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa amepata kazi mbali akaiuza. "Barabara itabaki na mashimo yake," akasema, na hiyo ndiyo hotuba yote aliyotoa siku hiyo.

Ilikuwa boti ya starehe, ya aina ile isiyo na pangaboi nje. Pangaboi lake limefichwa ndani ya pampu, tumboni kabisa: linafyonza maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu, na hayo maji yanayotemwa ndiyo yanayoisukuma. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, ziwa lilikuwa limetulia na boti iliteleza bila kumtikisa mtu. Mgongo wa mshonaji ulikubali. Upepo ukianza, hapo mgongo ulisema hapana. Kwa hiyo safari ilikuwa ni asubuhi, au basi.

Mwanzoni vituko vilikuwa vya kuchekesha. Siku ya kwanza walisahau kizibo. Boti ikiwa nchi kavu, kile kizibo cha nyuma hutolewa ili maji yaliyobaki yatoke. Nacho kilikuwa salama salimini mfukoni mwa dereva, pamoja na pipi zake za kikohozi. Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu, dereva akainama, akaziba tundu kwa kiganja, akawa anamwelekeza mkewe jinsi ya kutafuta mfukoni mwake. Walirudi ufukoni wameloa, wanacheka mpaka machozi. Siku nyingine betri ilikuwa imekufa kabisa, kwa sababu redio yake ilibaki ikiimba peke yake ufukoni tangu Jumapili. Dereva aliomba radhi kwa betri kana kwamba ni mtu.

Lakini walifika pia. Mara moja walifika vizuri, na dada mtu akamtazama mdogo wake kutoka utosini mpaka miguuni, akasema, "Umekonda. Huyu bwana hakulishi?" Mshonaji aliishi kwa sentensi hiyo wiki nzima.

Halafu ikaja ile safari ya katikati ya ziwa. Injini ilipiga kelele kama inauawa, na boti ikawa inajikokota tu. Dereva akaongeza moto. Kelele zikaongezeka, mwendo haukuongezeka. "Klachi imekwisha," akatangaza kwa uhakika wa mtu aliyebadilisha klachi nyingi kando ya barabara. Boti ile haina klachi. Walivutwa kurudi na mashua kubwa ya kubeba mchanga, taratibu, upepo umeshaanza, na mshonaji akashikilia kiti kwa mikono miwili huku mgongo unamchoma. Kilichomuuma zaidi ni uso wa mumewe. Hakuwahi kumwona amevutwa na chombo cha mtu mwingine.

Fundi wa boti akabadilisha pete moja ndani ya pampu, akampa dereva maelekezo, na dereva akayashika kama askari. Hata mwezi haukwisha vizuri, boti ikapiga kelele ile ile na kukataa kwenda. Safari hii walikuwa karibu na ufuko, wakajivuta kwa kasia. Dereva hakutaja klachi. Aliifunga boti, akaipeleka kwa fundi, akarudi nyumbani na kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Nimekununulia ubovu, mama watoto," akasema. "Kuna bwana mmoja mwenye hoteli anaitaka hivyo hivyo. Jumamosi saa nne atakuja kuiangalia."

"Na dada?"

Dereva aliangalia mikono yake. "Sitakuzamisha kwa sababu ya dada," akasema.

Siku ya pili yake mshonaji alikwenda karakana peke yake. Kisingizio kilikuwa vitambaa vya viti: jua lilikuwa limekula uzi, mishono imeachia, na yeye alikuwa amevishona upya kwa uzi mnene wa mahema. Karakana ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya mafuta na mpira, redio inaongea juu ya kabati, na boti yao imepandishwa juu ya magogo, imefunguliwa nyuma. Mshonaji aligeuza uso kidogo. Aliona kama amemkuta mtu anavaa.

"Shikamoo, mama," fundi akasema. Alikuwa binti mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, mdogo kuliko kitindamimba wao.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta nguo za mgonjwa."

Fundi alivipapasa vile vitambaa, akavuta mshono kwa nguvu, ukagoma kuachia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasita. "Mzee hakuja?"

"Mzee anatafuta mnunuzi."

"Anauza?" Fundi akaweka kitambaa chini. "Hebu njoo uone kitu, mama."

Juu ya meza kulikuwa na pangaboi lenyewe, dogo kuliko mshonaji alivyofikiria, lenye mabawa yaliyojikunja. Fundi akamwambia apitishe kidole kwenye ukingo. Mshonaji akapitisha kwa uangalifu, kama anavyokagua sindano inayokata uzi bila sababu, na akakuta kilekile anachokikuta kwenye sindano mbaya: vijino, vikwaruzo, mahali palipong'oka. Ukingo wote ulikuwa umetafunwa. Fundi akamwonyesha na ile pete inayolizunguka pangaboi. Inatakiwa ilikumbatie karibu kabisa, pasipite hata ukucha. Sasa ilikuwa imechimbika pande zote.

"Kwa hiyo nguo imekuwa kubwa kuliko mwili," mshonaji akasema.

"Hapo hapo, mama. Maji yanapita pembeni, hayasukumwi. Injini inahangaika bure." Fundi akafunua kitambaa kichafu. Ndani yake kulikuwa na kokoto, konzi nzima, ndogo ndogo, zimeng'aa kwa kusagwa. "Hizi zilikuwa tumboni. Pete hii nimeiweka juzi tu. Nilimwambia mzee, usiendeshe penye maji mafupi, akaniapia kwamba haendeshi."

"Haendeshi," mshonaji akamtetea mumewe. "Mimi ni shahidi. Nikishapanda anazima, anachukua kasia, anaisukuma mpaka kwenye kina, ndiyo anawasha tena. Hata mvua inyeshe."

Fundi akainua uso. "Anazima? Kwani inakuwa imewashwa?"

"Anakuwa anaipasha moto."

"Muda gani?"

"Mpaka nimalize kuvaa. Nusu saa, au zaidi kidogo. Mimi si mwepesi asubuhi."

"Kwenye maji ya kufika wapi, mama?"

Mshonaji akafungua mdomo kujibu, akaukumbuka ule ufuko. Polepole akaonyesha goti lake.

Juu ya kabati redio ikatoa matangazo ya sabuni. Fundi aling'ata mdomo. Alitaka kucheka na alikuwa na adabu. "Mama, boti hii haipumziki kama lori," akasema. "Injini ikiwaka, pampu inazunguka. Hata kama imefungwa kamba haiendi popote, inafyonza tu. Kila kilicho chini inakila. Pale ufukoni kwenu pana kokoto tupu."

"Kwa hiyo boti si mbovu."

"Boti nzima kabisa. Nitabadilisha pete, nitasawazisha mabawa, Ijumaa itakuwa majini. Lakini akiipasha moto tena pale, tutaonana tena hapa." Fundi akafunga zile kokoto. "Nimwambie mimi? Ni kazi yangu kumwambia."

Mshonaji aliyaona yote kwa mara moja: dereva mzima, aliyevuka milima kwa lori bila hata kukwaruza rangi, amesimama bandani mbele ya binti mdogo, anaelezwa kwamba asubuhi zake zote zile ndizo zilizoua boti. Angeitikia, "Sawa, fundi." Angesema asante. Na asingeamka mapema tena maisha yake.

"Niachie mimi, mwanangu," akasema. "Huyo ni wangu." Akaomba zile kokoto, akazitia kwenye mkoba.

Tusidanganyane, njiani alimkasirikia. Alitembea anaongea peke yake. Nusu saa nzima mtu anakaa pale anasikiliza mawe yakisagwa na asishtuke! Angesikia basi kama lori lingekuwa linakula mawe! Dada yake anapotea kidogo kidogo kila siku, na huyu mzee anapasha moto! Alipofika kwenye kona ya nyumbani hasira zikamwishia, kwa sababu alikumbuka baridi ya asubuhi zile, na jinsi alivyokuwa akiukuta mlango wa lori umeshafunguliwa upande wake. Hakuwahi kuushika mlango ule ukiwa baridi. Hakuwahi pia kusema asante, hata siku moja. Mtu atashukuruje kitu kinachotokea kila siku?

Jioni ile alijaribu kumwambia, maneno yakagoma. Kesho yake tena. Dereva alikuwa anafuta vioo vya nyumba visivyo na uchafu na kuelezea jinsi bwana wa hoteli alivyo mtu mwelewa. Ijumaa boti ikarudishwa ufukoni. Mchana binti wa dada akapiga simu.

"Leo asubuhi aliniuliza mdogo wake yuko wapi," akasema. "Nikamwambia atakuja. Akaniuliza tena mdogo wake ni nani."

Mshonaji akaikata simu, akapiga moyo konde.

Jumamosi, kulipoanza tu kupambazuka, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yake: aliamka kabla ya mumewe. Viatu alikuwa amevificha chini ya mto tangu jana ili visipate mahali pa kupotelea. Alitia chai kwenye chupa, akachukua mkoba, akateremka mpaka ufukoni. Kupanda kulimgharimu, mgongo ukateta. Akajikaza, akakaa kwenye kiti cha mbele, juu ya mishono yake mwenyewe, akafunika miguu kwa shuka.

Dereva alikuja mbio mbio, kopo mkononi, shati halijafungwa vifungo. Alipomwona akasimama.

"Wewe! Nimekutafuta nyumba nzima. Umefuata nini huku?"

"Leo nakusubiri mimi," mshonaji akasema. "Panda. Lakini usiwashe. Sukuma kwanza."

"Injini ya baridi hiyo. Ngoja niipashe kidogo, wewe..."

"Sukuma, mume wangu."

Dereva akaweka kopo kwenye mchanga, akaingia majini na suruali yake, akasukuma. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, akapanda kwa kuhema, akashika kasia. Walikwenda mpaka chini pakawa peusi na kokoto hazionekani tena. "Hapa," mshonaji akasema. "Washa hapa. Ipashe moto upendavyo. Nitakaa na wewe."

Dereva akawasha. Injini ikanguruma laini, bila mkwaruzo wowote, maji yakatibuka nyuma. Alikaa upande wake, suruali inachuruzika, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kwenda kumgongea dirisha. Mshonaji akammiminia chai. Akafungua mkoba, akachukua mkono wa mumewe, akamwagia zile kokoto kiganjani.

Dereva alizigeuza kwa kidole gumba. Hakuwa mjinga, mtu wa injini haelezwi mara mbili. Alitazama ufukoni, mahali boti inapolala. Akatazama kokoto. Mabega yake yakashuka, kama ya mtoto aliyekosa.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Fundi alinikataza. Nikajua anasema kuendesha. Mimi nilikuwa sijaendesha bado."

"Najua."

"Nimekuchelewesha kwa dada. Nimeua pete mbili." "Nilitaka usikae baridi tu."

"Nimesema najua." Mshonaji akamfungia kile kiganja, kokoto zikiwa ndani. "Nisikilize, maana sitarudia, mgongo unaniuma. Nimekaa kwenye joto lako tangu nikiwa msichana na sijakuambia asante. Asante. Nakupenda na uzee wako huo. Na kesho uamke kama kawaida, uje upashe moto, ila uwe hapa kwenye kina na mimi nikiwa ndani."

Dereva alifungua mdomo. Wengine wangesema neno hapo. Yeye aliinama, akashika ncha ya shuka, akamziba mkewe magoti vizuri, akapitisha na nyuma ya miguu pasiingie upepo.

"Bwana wa hoteli anakuja saa nne," akasema baadaye.

"Atakuta ufuko mzuri sana. Twende."

Boti ikaenda. Ikapanda juu ya maji na kuteleza, injini ikiimba bila kulia, na dereva akaongeza mwendo kidogo kidogo, sikio lake likiwa kwenye pampu muda wote. Kila mara alimtupia jicho mkewe. Mkewe alijifanya hamwoni.

Ng'ambo kuna gati la zege lenye kina kirefu, na nyumba ya binti wa dada iko juu yake tu, hatua chache kutoka majini. Dereva akaifunga boti lakini hakuizima. Tangu kisa cha betri hakuamini kitu. "Tangulia," akasema, "niisikilize kidogo." Mshonaji akapanda ngazi polepole, mkono kwenye mgongo.

Dada yake alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, shuka mabegani. Binti yake alisimama mlangoni, akatikisa kichwa kidogo kumwonya mama yake mdogo: leo si siku nzuri. Mshonaji akapiga magoti kwa shida mbele ya kile kiti.

"Shikamoo, dada."

Dada akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuuliza njia. "Marahaba, mama," akajibu. "Umetoka mbali?"

Mshonaji akajaribu kutabasamu, akashindwa. Aliangalia chini, kwenye upindo wa lile shuka, mshono wa mkono wa dada yake uliokuwa bado umenyooka. Amechelewa, basi. Pete mbili, na amechelewa.

Kule chini injini ilikuwa inanguruma taratibu, na kioo cha dirisha la baraza kikaanza kutetemeka kwenye fremu yake. Dada akainua kichwa. Akasikiliza. Uso wake ukakunjamana, akakamata mikono ya kiti akataka kusimama.

"Hebu mwambieni yule kijana azime lori lake!" akafoka, na sauti ikawa ile ile ya zamani. "Majirani wamelala! Kila siku namwambia! Mdogo wangu anakuja, anatafuta viatu!"

Mshonaji akaishika mikono ya dada yake yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimevipata, dada," akasema. "Nimeshakuja."